Mkono wa Kulia Kwanza

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliokuja leo mmevaa nguo zilizopita mikononi mwake, familia imeomba maisha ya marehemu yasomwe jinsi yalivyokuwa, bila kupakwa rangi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia nguo iliyopigwa pasi vizuri kwa nje ili kuficha mshono mbaya wa ndani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa baba mlinzi wa ghala na mama dobi. Jina la Pindo alilipata angali mdogo, maana hakuweza kupita karibu na mtu mwenye pindo lililofumuka bila kulishika, na inasemekana siku moja alimfuata mwalimu wake wa darasa la pili hadi mlangoni mwa ofisi, ameshikilia ncha ya sketi yake, akimwambia, "Mwalimu, simama kidogo, unafumuka."

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza mwaka 1970, akachaguliwa kuendelea na sekondari, lakini tarehe 9 Juni 1972 baba yake alifariki baada ya kuangukiwa na magunia ghalani, na kwa kuwa uwezo wa nyumbani ulibaki wa kusomesha mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa kaka yake, yeye aliichukua sare yake ya shule, akaifua, akaifumua, akaishona upya kuwa blauzi ya mama yake. Hakulia mbele ya mtu. Aliyelia ni mama yake, siku ya kwanza alipoivaa.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya kola. Wasiokijua kile kiwanda waelewe kwamba mle ndani hakuna mtu aliyeshona shati, kila mmoja alishona kipande chake, huyu mkono, yule mfuko, yule vifungo, shati likafika mezani kwako bila kichwa wala mikono, ukaliongezea kiungo kimoja, likaondoka, na hukuliona tena. Yeye alishona kola miaka yote ya ajira yake, na kola zake zilisimama hata shati likitundikwa kwenye msumari.

Humo kiwandani ndimo alimokutana na mume wake, mpiga pasi wa chumba cha mwisho, mtu wa utani hata katikati ya ule mvuke, ambaye alipokosa namna ya kumsalimia alianza kurudisha kola zake nzima akidai zina kasoro, hadi marehemu alipoingia chumba cha pasi mwenyewe na kumuuliza mbele ya wenzake, "Kaka, hii kola ina kosa gani?" naye akajibu, "Kola haina kosa, dada. Mwenye kosa ni mimi." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu, binti ambaye leo ni muuguzi, mvulana aliyefariki kwa surua tarehe 11 Aprili 1982 kabla hajatembea, na kijana wa mwisho ambaye ni dereva wa malori ya mizigo. Kuhusu yule mtoto wa katikati, marehemu hakusema mengi, ila nguo alizomshonea hakumvalisha mtoto mwingine yeyote, na juzi zimekutwa chini kabisa ya sanduku lake, zimekunjwa kama zilizopigwa pasi jana.

Tarehe 30 Septemba 1994 kiwanda kilifungwa, wafanyakazi wakapangwa uani wakaambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa, na hakuna aliyeitwa. Mume wake aliweka kiinua mgongo chake chote kwenye cherehani ya kukanyaga, akaileta nyumbani kwa mkokoteni, akamwambia mke wake sasa wana kiwanda chao, na ndipo marehemu alipotambua jambo lililomtia aibu kuliko njaa, kwamba yeye, fundi anayejulikana, hajui kushona shati. Alijua kola tu. Alilifumua shati la harusi la mumewe, kipande kwa kipande, akalitandaza sakafuni kama mtu anayemsoma kuku aliyekatwa, akajifunza, na shati la kwanza alilolishona mwenyewe lilikuwa na kola ya waziri na mikono ya watu wawili tofauti, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mume wake alilivaa hadi sokoni, kidevu juu, na walioangua kicheko aliwaambia, "Tazameni shingoni, wenzangu, kwingine bado anajifunza."

Mume huyo alifariki tarehe 7 Novemba 2003 kwa ugonjwa wa kifua. Lililofuata familia ilijadiliana kama lisomwe, na aliyetaka lisomwe ni huyohuyo aliyelitenda. Wiki ile ya mazishi, wifi wa marehemu, yaani mdogo wa kike wa mume, mpishi wa bweni la shule, alikuja na vijana wawili, akasimama mlangoni, akasema cherehani ni jasho la kaka yake na haitabaki kwa mjane. Marehemu hakubishana. Alisema neno moja, "Chukua," kisha kabla hawajaiinua aliisogelea, akalegeza skrubu, akachomoa sindano, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, akawapisha. Tangu siku hiyo mawifi hao hawakusalimiana, hata walipokutana msibani walikaa kila mmoja ukuta wake.

Alikaa kwenye baraza la fundi mwingine akipiga vifungo na kupunguza suruali za watu, hadi akapata cherehani ya kuzungusha kwa mkono, kuukuu, akarudisha wateja wake. Maisha yalianza kumkalia sawa. Ndipo siku ya Alhamisi, tarehe 12 Mei 2011, akiwa anashona gauni la mteja, aliona kitambaa kinakwenda upande na mkono haukifuati, akauambia mkono ushike, mkono ukakataa, na waliomkuta walimkuta ameegemea meza, gurudumu bado linazunguka taratibu. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia na nusu ya mguu. Cherehani ya pili iliuzwa akiwa bado wodini.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kuvaa upya, akamwambia mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuingia kwenye nguo, na ndio unaotoka mwisho. Marehemu aliliona kwanza kama dharau, mkono usiofanya kazi kupewa heshima ya kutangulia, lakini akajifunza, na aliporudi nyumbani aliipanua mikono ya kulia ya magauni yake yote, kwa mkono wa kushoto, mshono mmoja kwa asubuhi nzima, ili asivalishwe na mtu. Hilo ndilo alilolipigania tangu hapo. Asivalishwe, na aendelee kuitwa fundi.

Mwezi Julai mwaka huohuo, wifi yake alitokea mlangoni na mkokoteni, na juu ya mkokoteni ile cherehani, ambayo kumbe miaka yote ilikuwa jikoni kwake imefunikwa kitambaa na kupangwa masufuria juu. Walitazamana. Wifi akasema, "Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kukanyaga. Sindano unayo wewe." Marehemu akapeleka mkono wa kushoto kwenye mto wake wa pini, akatoa sindano ileile, ina kutu kidogo, akasema, "Kanyaga basi, unaongea kama redio."

Walikaa ubavu kwa ubavu, mmoja anakanyaga, mwingine anaelekeza kitambaa, wakitukanana. "Taratibu, wifi, hii si sufuria ya maharage ya bweni." "Na wewe shika vizuri, nguo inakwenda kama mlevi." Wifi akaenda kwa mkuu wa shule anakopikia, akaweka dhamana jina lake, akaleta kazi ya sare za muhula wa Januari, kaki nzito, robota zima. Marehemu alisisitiza kukata mwenyewe. Mkasi wa mkono wa kulia ukishikwa na mkono wa kushoto unaificha alama ya chaki, na ili aione alikuwa akikigeuza kitambaa, akageuza na kukata, akageuza na kukata, mpaka robota likaisha, na ni wakati wa kuunganisha ndipo wifi, asiyejua ushonaji, alipoinua vipande viwili kwenye mwanga akauliza, "Wifi, hawa watoto wana vifua viwili vya kulia?"

Vyote. Kwa kule kukigeuza kitambaa, kila kipande cha kifua kilikuwa kimetoka cha upande mmoja, na kaki ile ina uso na mgongo, haigeuziki. Marehemu alivitazama, akamwambia wifi achukue mkasi akautupe chooni, akageukia ukutani, akasema yeye si fundi tena, ni mzigo wenye macho. "Mzigo haupigi kelele namna hii," wifi alimjibu, lakini safari hiyo utani haukupata wa kuupokea. Aliacha kula vizuri. Aliacha kuvaa, akabaki amejifunga shuka kutwa, na magauni yenye mikono mipana yakaning'inia mlangoni. Binti yake, pamoja na uuguzi wake, alianza kuogopa.

Wifi hakumbembeleza. Alienda kwa mkuu wa shule, akakiri, akafokewa, akarudi na robota lingine na onyo kwamba likiharibika na hilo kazi ya jikoni imekwisha, akatandaza kitambaa sakafuni mbele ya kitanda, akachukua mkasi ambao hakuwa ameutupa, na kuanza kukata, bila chaki, bila kipimo, ulimi nje. Marehemu alivumilia kidogo. Kisha akasema kutoka ukutani, "Ukikata hivyo watoto watavaa mahema." Wifi akaendelea. "Nimesema acha!" Wifi akaendelea. Ndipo marehemu alipoketi, akavuta gauni lake mlangoni kwa fimbo, akaingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, akashuka sakafuni kwa makalio, akapokea chaki.

Ile siku alikikumbuka kiwanda. Kile kilichomfanya asijue shati ndicho kilichomrudisha kwenye shati, maana aliigawa kazi vipande kama zamani, yeye chaki na kuelekeza, wifi mkasi na kukanyaga, kila mmoja kiungo chake, naye akakiita kiwanda cha watu wawili na mikono mitatu. Sare zilifika shuleni siku ya kufungua zikiwa bado na joto la pasi, na vile vifua vya kulia vilishonwa mikoba ya madaftari.

Kuanzia mwaka 2012 yule mtaalamu wa mazoezi alianza kumtumia wagonjwa wake, na marehemu akawashonea magauni yanayofunguka upande mgonjwa, mashati yenye kulabu badala ya vifungo, suruali ambazo mtu anazipandisha kwa mkono mmoja. Kila mteja alifundishwa palepale barazani, mkono mgonjwa kwanza, na wazee waliokuwa wakivalishwa na wakwe zao walijifungia chumbani, wakatoka wamevaa wenyewe, wamepinda kola, wana machozi. Kola aliwanyoosha yeye.

Tarehe 2 Agosti 2023 alipigwa na kiharusi cha pili, kikachukua maneno yote na nguvu ya mkono uliobaki. Hapa hatutasema kwamba alishinda. Alivalishwa. Aligeuzwa, alilishwa, alipata vidonda vya mgongoni, na kwa zaidi ya mwaka aliona kila kitu bila kuweza kukirekebisha. Pazia la chumba chake lilikuwa limefumuka pindo na sisi wote tulipita mbele yake tukisema anatazama dirishani, mpaka wifi yake alipofuata macho yake, akaliona, akapanda juu ya kiti na kulishona palepale, vibaya sana, na marehemu akafumba macho, hatujui kwa faraja au kwa kumkatia tamaa wifi yake.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wifi mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyefika nyumbani hata alipojua hakuna la kufanya, majirani waliombeba hadi kwenye gari mvua ikinyesha, wenzake wa idara ya kola, wachache waliobaki, mlioketi pamoja kule nyuma, na mkuu wa shule aliyekubali kuamini mara ya pili.

Na shukrani ya mwisho ni kwa huyu aliyeketi upande wa kulia wa jeneza. Jana wanawake walipokwisha kumwosha marehemu, walileta gauni jipya la dukani, na mmoja akaanza na mkono wa kushoto kwa kuwa ndio uliokuwa karibu naye, na mikono yote miwili sasa ilikuwa sawa. Wifi yake akawasimamisha. Akalirudisha gauni la dukani kwenye mfuko wake, akaleta lile la zamani lenye mkono mpana, akalikagua pindo lote kwa vidole, kisha akasema, "Wa kulia kwanza. Atatugombeza." Akamvalisha mwenyewe, taratibu, akamnyoosha kola.

Pumzika kwa amani, fundi.