Mkono wa Bi. Mavis katika Stesheni ya Pennock Lane

Marehemu Mavis Edith Loveridge alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika nyumba ya reli, Pennock Lane, kiungani kusini mwa Birmingham. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bw. Percy Pargeter, mkuu wa stesheni, na mkewe Edith. Stesheni ilikuwa imejengwa mwaka 1908, wakati mjenzi mmoja alipotaka kuwauzia makarani wa mjini nyumba zake za matofali mekundu, nao wakamwambia hawanunui mpaka waione treni. Kwa hiyo Mavis alipenda kusema kwamba reli ndiyo iliyouzaa mtaa, na mtaa usijisahau. Alikulia kati ya majukwaa mawili, chumba cha kusubiria chenye jiko la makaa, na waridi ambazo baba yake hakumruhusu mtu yeyote kuzigusa.

Alisoma shule ya msingi ya hapo mtaani, kisha sekondari ya wasichana Addlestock, vituo viwili mbele. Kutulia hakukujua tangu utoto. Siku moja mwalimu wa hesabu alimuuliza, “Pargeter, hicho kiti kina miiba?” Akajibu, “Hapana, mwalimu. Treni imechelewa.” Alisimamishwa ukutani hadi wakati wa chakula. Treni ilikuwa imechelewa kweli.

Mwaka 1957 aliajiriwa kuuza tiketi dirishani, chini ya baba yake, na kazi hiyo aliipenda kuliko zote. Miaka kumi baadaye serikali ilikuwa ikizifunga stesheni ndogo moja baada ya nyingine. Pennock Lane iliponea chupuchupu, lakini kwa masharti: wafanyakazi waondoke, nyumba ibomolewe, na treni isimame tu abiria akinyoosha mkono. Bw. Pargeter alizishuhudia waridi zake ziking’olewa, na mwaka haukuisha naye akafariki. Mavis akapata kazi ya upishi shuleni, lakini masikio yake yalibaki relini.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na balaa lenyewe lilikuwa adabu. Watu wa Pennock Lane hawapendi kumsumbua mtu. Kila asubuhi walijipanga jukwaani na miavuli yao, macho kwenye magazeti, kila mmoja akimngoja mwenzake anyooshe mkono. Treni ikawa inapita. Mtu mmoja angesema kwamba afadhali leo mvua si kubwa, kisha wote wangeendelea kuisubiri ile inayofuata.

Mwaka 1969 afisa wa reli alikuja katika ukumbi wa kanisa kutangaza kwamba stesheni itafungwa. “Madereva wangu wanapita hapa kila siku,” alisema, “na hakuna anayewasimamisha. Ni wazi hamuitaki.” Watu wote ukumbini wakatazama viatu vyao. Mavis akasimama.

“Wanaitaka sana, bwana. Wanaona haya tu. Tupe mwaka mmoja. Mkono nitanyoosha mimi.”

Tangu hapo, kila asubuhi ya kazi kabla ya kwenda jikoni shuleni, alisimama mwisho wa jukwaa akiwa na aproni yake, mkono juu. Mwanzoni madereva walimjia juu.

“Mama, unapanda au hupandi?”

“Sipandi. Wanapanda hawa.”

“Kwani wao hawana mikono?”

“Wanayo. Imeshika miavuli.”

Mwaka ulipita na stesheni haikufungwa. Lakini kila ilipovuma kwamba itafungwa, na ilivuma mara nyingi, Mavis alikosa usingizi, akawa anazunguka nyumbani huku birika likichemka hadi kukauka. Tuliokuwa naye tulichoshwa na wasiwasi wake. Hatukujua kwamba ulikuwa ukitubeba.

Miongoni mwa waliosimama pale jukwaani alikuwako Bw. Kenneth Loveridge, karani wa bima, aliyekuwa ameachwa na treni kuliko mtu yeyote mtaani. Mavis alimuuliza, “Ulikuwa unangoja ije ikubembeleze?” Naye akasema, “Nilidhani yule bwana mwenye kofia ataisimamisha.” Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1970, wakajaliwa watoto wawili, Jill na Martin. Kwa zaidi ya miaka hamsini ya ndoa yao Kenneth hakunyoosha mkono hata siku moja. Mwenye mke kama yule angenyoosha wa nini?

Mwezi Septemba 2023 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Alitaka apelekwe jukwaani kwa kiti cha magurudumu, akanyoosha wa kushoto. Novemba alizidiwa, akalazwa hospitali ya Addlestock, na kila aliyeingia wodini, wauguzi wakiwemo, Mavis alimuuliza swali lilelile: “Nani anaisimamisha sasa?”

Asubuhi ya kwanza Kenneth alifika amechelewa, ameloa.

“Treni ilichelewa,” alisema.

“Haikuchelewa, Ken. Ilikupita.”

Mavis aligeukia ukutani akalia, na haikuwa kawaida yake kulia.

Kesho yake, tarehe 21 Novemba, Kenneth alifika mapema, hata koti hajavua.

“Nimeisimamisha,” alimwambia.

“Kwa mkono gani?”

“Yote miwili. Na mwavuli.”

Mavis alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Kisha akatulia, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Alifariki alasiri hiyo, mume wake akiwa pembeni.

Marehemu ameacha mume, Bw. Kenneth, watoto, Jill na Martin, wajukuu watatu, na stesheni moja, ambayo tunasikia itajadiliwa tena mwakani. Baada ya maziko sote tutakwenda Addlestock kunywa chai, kwa treni. Kenneth ameomba asisimame peke yake mwisho wa jukwaa.

Mungu ampumzishe Mavis, pamoja na mkono wake. Na treni ikitokea, tafadhali, msitazamane.