Nilicheza Vibaya, Nikamusingizia Muke Wangu

Wapapa na wamaman washonaji, Maman présidente wa chama chetu amenipa nafasi ya kusema, na ameniomba nisiseme kwa hasira. Nitajaribu. Siahidi.

Najua wengi munangoja niseme kwamba niliacha karata. Sikuziacha. Aibu yangu haikutoka kwa karata, ilitoka kwa kuzicheza vibaya miaka mingi na kutafuta mutu wa kubebesha makosa yangu. Sitataja majina ya wenzangu wa karata. Lakini wengine mumekaa hapa, na tayari nawaona munaangalia viatu vyenu.

Bon. Munajua poker yetu ya mchana pale barazani, mutaa wa Mangobo. Mutu anapewa karata tano, anabadilisha zile hazimufai, anaweka kitu mezani, tunaonyeshana. Sheria nilizijua kwa siku moja nikajiona bingwa. Lakini kwetu kulikuwa na desturi moja ya kijinga, niruhusuni niiite hivyo: mutu akitupa karata zake kwa sababu ni mbaya, meza nzima inamucheka, eti anakimbia. Basi miye sikukimbia hata siku moja. Napata karata za ovyo, naendelea. Mikasi ikaenda. Pasi ya makaa ikaenda. Halafu nikafungua sanduku la muke wangu, nikatoa liputa ya harusi yake, kitenge alichofunga siku ile, bado imekunjwa vizuri, nikaiweka mezani. Munanisikia? Liputa ya harusi.

Siku ileile, saa saba mchana, muke wangu akapita nyuma yangu. Alikuwa ananiletea lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo, sababu nilitoka nyumbani bila kula. Mukononi nilikuwa na valets mbili, jozi moja tu ya karata. Tukaonyeshana, mwenzangu akabeba liputa. Nikageuka, nikamuambia mbele ya watu wote: "Ni weye unaniletea mukosi. Kila ukipita nyuma yangu, napoteza." Nikawauliza wenzangu kama si kweli. Na mukajibu kwa sauti moja: "Ndiyo."

Watu wazima. Mafundi wa nguo, wengine wanaongoza maombi Jumapili. Munajua vizuri neno kama lile inamufanyia mwanamuke nini katika muji huu. Wiki haikuisha, majirani wakaanza kuvuta watoto wao pembeni akipita. Waliokuwa wananunua mikate yake kila asubuhi wakapotea. Akamuchukua binti yetu, akarudi kwa wazazi wake Bengamisa. Hakunitukana. Aliniachia nyumba imefagiliwa na sufuria zimeoshwa, na nawaambia, matusi ingekuwa afadhali.

Miye bado nilisadiki neno langu. Kuna muzee mumoja, tunamuita tonton, mwalimu wa hesabu wa zamani, nilikuwa namushonea suruali. Nikamueleza shida yangu, nikamuuliza kama anajua mutu wa kuniombea ili mukosi utoke. Hakunipa mutu. Alitoa karata na kopo la mahindi, akasema tucheze, punje ndizo tuweke mezani. Alasiri nyingi tulicheza vile. Kila duru ikiisha anafunua karata zangu, anauliza kwa nini niliendelea. Namujibu kwamba sikutaka kukimbia. Anatikisa kichwa, anagawa tena.

Halafu siku moja akaniuliza juu ya siku ile ya liputa.

"Ulikuwa na nini mukononi?"

"Valets mbili, tonton."

"Na yule wa mbele yako, alibadilisha karata ngapi?"

Nikafikiri. "Moja tu."

"Anabadilisha moja, anashika zingine ine. Donc tayari iko na kitu. Uliona?"

Nikaanza kuhesabu punje zangu.

"Hukuangalia. Uliangalia za kwako tu. Na kosa iko ya muke wako?"

Ndugu zangu, nilisikia uso unawaka. Nilikuwa nimeshindwa kabla muke wangu hajafika na sahani. Ningeinua macho tu ningejua. Miaka yote ile nilijiita muchezaji, kumbe sikuwahi kumuangalia mutu aliyekaa mbele yangu.

Toka pale nilianza kujifunza kweli. Kutupa karata mbaya bila haya. Kuangalia kila mutu anabadilisha ngapi. Kungoja wengine waseme kwanza, zamu ikiniruhusu. Nikarudi barazani, nikatupa mara tisa mfululizo. Mulicheka sana. Mara ya kumi nikabaki, nikashinda, nikasimama nikaenda zangu. Na mchana ule wamama wa soko walikuwa wanapita nyuma yangu na mabeseni yao, mumoja baada ya mwingine.

Nikapanda pikipiki mpaka Bengamisa, nikaomba musamaha. Baba mukwe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kule ulimuchafua mbele ya watu. Hapa unaomba polepole ndani ya nyumba yangu. Rudi, useme mbele ya watu walewale. Kisha tutaona kama mutoto wangu anarudi." Alikuwa na haki.

Alors, ndiyo sababu nimesimama hapa. Sikuja kupigiwa makofi.

Namushukuru yule tonton, ambaye angeweza kunipeleka kwa muombaji na akanikalisha mbele ya mahindi. Namushukuru mama mukwe, alinipa chakula siku ile ya Bengamisa na sikustahili hata maji. Maman présidente, asante kwa nafasi. Na kama munataka somo, ni hii: ukiona unapoteza, angalia mukono wako, angalia aliye mbele yako, na umuache kwa amani anayepita nyuma yako na chakula chako.

Muke wangu amekuja leo na baba yake. Amesimama pale mulangoni. Mumemupa kiti mara mbili, amekataa.

Siku ile niliwauliza swali, mukajibu mbio bila kufikiri. Leo nauliza tena, na nataka mujibu weye na weye, wote muliokuwa pale barazani: muke wangu iko na mukosi?

Jibuni. Na museme kwa nguvu, asikie pale mulangoni.