Mama Léocadie, Aliyezaa Mabinti na Kujivunia

Mama Léocadie alizaliwa Kadutu, mjini Bukavu, tarehe 9 Mei 1973. Baba yake alitaka dume. Akapata msichana mwenye mdomo.

Alisoma Bukavu, kisha mwaka 1994 akaenda Guangzhou, China, kwa masomo ya chuo. Huko alijifunza Kichina, akazipenda riwaya za wanawake wa Kichina wa siku hizi, zinazosimulia mabinti waliohesabiwa wageni katika nyumba za baba zao. "Hawa wanatuandika sisi," alisema.

Alirudi nyumbani akafunga ndoa na Patient Murhula tarehe 14 Agosti 1999. Mungu aliwajalia Diane, Nicole na Falone. Watu walipompa pole kwa kukosa mvulana, aliwauliza, "Pole ya nini? Nani amekufa?"

Walifika Sydney mwaka 2008, wakakaa Guildford, naye akaajiriwa kutunza wazee huko Auburn. Baada ya chakula cha mchana aliwasomea bibi wa Kichina riwaya zile kwa lugha yao. Siku moja bibi mmoja alimkatiza: "Binti akiolewa ni maji yaliyomwagwa." Léocadie akamwuliza, "Na supu ya kila Jumapili unaletewa na nani?" Bibi akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Na maji hayo hayo! Haya, soma."

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Katika ukoo wetu, msalaba hubebwa mbele ya jeneza na mtoto wa kiume, na kaka yake Bahizire alikwisha kumchagua mpwa wa Patient. Léocadie alimwita kaka yake kitandani.

"Yaya, nilizala batoto batatu, bote basichana. Croix yangu itabebwa na Diane. Finish."

Bahizire alitoka bila kujibu, na jambo hilo lilimuuma dada yake kuliko ugonjwa. Alifariki tarehe 3 Septemba 2025, alfajiri, mabinti wote watatu wakiwa wamemshika, kabla hajapata jibu.

Jana jioni, katika matanga, Bahizire alikuja na msalaba alioutengeneza mwenyewe. Alipita mbele ya wazee, akampa Diane. "Shika, mutoto wa dada. Tangulia, shiye tutafuata."

Mama Léocadie ameacha mume wake Patient, mabinti Diane, Nicole na Falone, na kaka yake Bahizire.

Lala kwa amani, Mama. Nyumba yako ina wenyewe.