Daktari Sylvère na Damu ya Fundi Tajudini

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Daktari Sylvère anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kutibu saratani za damu katika hospitali yetu hapa Bujumbura. Sisi wa maabara tumeombwa tuandike machache kumhusu. Aliyetuomba huenda hakujua kwamba kwa muda mrefu daktari alidhani maabara ni chumba cha kuwekea friji.

Alikuwa mpole, nadhifu, na hakuwahi kuwa na shaka. Aliamini hesabu ya chembe nyeupe na vidole vyake alivyopapasia tezi. Majibu mengine tuliyompelekea aliyatumia kuwekea kikombe cha chai juu yake. Asidi ya yuriki, taka ya damu inayoongezwa na pombe na nyama lakini pia na seli zinazokufa, ikipanda, mgonjwa aliambiwa apunguze bia na mishikaki ya mbuzi. Katika mji huu ushauri huo ulifaa mara nyingi, na ndiyo maana ulimharibu.

Kisha akaja Tajudini, fundi magari wa Buyenzi, aliyeishi miaka mingi na saratani ya damu ya polepole. Asidi yake ilipanda, na pamoja nayo LDH, kimeng'enya kinachojaa kwenye damu seli zinapokufa kwa wingi. Chembe nyeupe hazikuongezeka. Marwa, mkuu wa maabara, alimpigia daktari simu kumwonya kwamba vitu hivyo viwili vikipanda pamoja, huenda ugonjwa umeanza kwenda kasi. Daktari alimshukuru, kisha akamwambia Tajudini aache bia.

Tajudini hakuwahi kukosa swala ya alfajiri. Kwa kuwa hakuwa na bia ya kuacha, aliacha kliniki.

Wiki kadhaa baadaye alikuja mkewe, Sumaya. Alieleza kwamba mumewe anakonda na analala akilowa jasho.

"Dogoteri, bwana yangu apana kunywa pombe tangu azaliwe," alisema. "Sasa iyo asidi inatoka wapi?"

Daktari alishuka maabara, akaketi na Marwa, akasoma majibu yote ya fundi. Kisha akaenda Buyenzi kwa miguu, koti jeupe mwilini, akipita kati ya injini na vipuri huku akiulizia gereji. Alimkuta Tajudini amechutama kando ya gari, akamwomba arudi tezi ikatwe kipande na kupimwa upesi.

"Unakubali kama mi si mulevi?" Tajudini aliuliza.

"Nakubali. Nilisema bila kusoma."

Saratani ilikuwa imegeuka ya kasi. Dawa zilibadilishwa, na Tajudini akapata nafuu ya kutosha kumwoza binti yake, Houda. Alifariki mwaka uliofuata. Hatujui zile wiki zilizopotea zingempa nini. Daktari naye hajui, na hajawahi kujifanya anajua.

Tangu hapo ametutesa. Anadai LDH na asidi ya yuriki za kila mgonjwa, anapiga simu kabla damu haijatufikia, na aliwahi kumpima mlinzi aliyekuja kuazima kalamu. Wagonjwa kadhaa wamewahiwa kwa sababu ya usumbufu huo. Tunakiri, kwa shingo upande.

Asante, Daktari. Tunakuombea mapumziko mema huko Ruziba, na majirani wenye subira. Ukijisikia vibaya, usijipapase. Njoo tukutoe damu. Majibu atakusomea Daktari Gaëlle, anayechukua nafasi yako. Yeye huyasoma kabla ya kunywa chai.