Wasifu wa Marehemu Mzee Melkizedeki Yona Mgonja, Mwenye Shilingi ya Simba (1924–1995)

Marehemu Mzee Melkizedeki Yona Mgonja alizaliwa tarehe 12 Machi 1924 kijijini Mbaga, Upare Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yona. Juma hilohilo baba yake alishuka Same kupokea ujira wa kazi ya barabara. Katika ujira huo ilikuwamo shilingi mpya ya mwaka uliotangulia, na aliporudi akaiweka kwenye kiganja cha mtoto. Mtoto akaing'ang'ania. Mzee Yona akasema, "Basi, ni yake," na tangu hapo haikuguswa.

Kwa vijana ambao hamkuiona, ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1923, robo yake fedha halisi, iliyobaki madini mengine. Upande mmoja palikuwa na sura ya Mfalme Joji wa Tano wa Uingereza, na upande wa pili simba amesimama, nyuma yake milima. Shilingi za mwaka ule zilitolewa chache. Hii ya marehemu haikununua hata kiberiti. Ilikaa kwenye kitambaa miaka yote, ikawa nyeusi tii, lakini ukiitazama kwa karibu ungeweza kuhesabu nywele za shingo ya simba.

Alisoma shule ya misheni hapa Mbaga kuanzia 1933 hadi darasa la nne mwaka 1937. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kukubali kushindwa. Siku moja alidai mbele ya darasa kwamba milima ya kwenye shilingi ni ya Upare. Mwalimu akamwambia mchoraji hakuandika jina la mlima. Melkizedeki akajibu, "Mwalimu, simba huyu katokea Mkomazi. Nyuma ya simba wa Mkomazi kuna mlima gani tena?" Alichapwa viboko viwili. Hata alipofika miaka sabini, ukimpa nafasi, alikuonyesha kwenye shilingi kilele cha Shengena, mlima wetu wa hapa Upare, kwa ncha ya ukucha.

Kuanzia 1943 hadi 1979 alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare, na miaka mingi alisimama kwenye korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi. Wenzake walitoka Songea, Kigoma na Singida, na aliwazika wengi ambao ndugu zao hawakuweza kufika.

Tarehe 5 Agosti 1950 alifunga ndoa na Honorata, binti wa Mzee Gideoni. Wakati wa mahari alipungukiwa mbuzi mmoja, akatoa shilingi yake mezani. Mzee Gideoni aliigeuza, akaigeuza tena, kisha akasema, "Mkwe, simba na mbuzi hawalali zizi moja. Mrudishe huyu, ulete mbuzi." Mbuzi alipatikana baada ya miezi miwili, na Mama Honorata mpaka leo anasema alicheleweshwa na simba.

Miaka ya shida ilipofika, tukipanga foleni ya sabuni na sukari, shilingi ile ilikwisha kuwa mfu kwa miaka mingi. Hakuna duka lililoipokea. Hata hivyo mwaka 1983, uliposikika msako wa wahujumu uchumi, marehemu aliifukia kwa muda chini ya mgomba, pamoja na kitambaa chake, asije akaitwa mlanguzi. Mama Honorata alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye biashara ikafunguliwa, maduka ya Same yakajaa, ila pesa ndiyo ikawa haionekani.

Mwezi Septemba 1994 marehemu alianza kusumbuliwa na tezi dume. Akawekewa mpira wa mkojo, na daktari akasema anahitaji upasuaji. Matibabu yalikuwa ya kuchangia sasa. Miaka ya kahawa kushuka bei ilikuwa imemaliza akiba, na ng'ombe wa nyumbani alikwisha kuuzwa kwa vipimo vya kwanza. Kilichobaki ni shilingi. Kassimu, dalali wa vito kutoka Moshi, alipanda mpaka Mbaga mwezi Novemba akaitazama kwa kioo chake. Akasema, "Mzee, nina mteja Arusha anatafuta ya mwaka huu wa 1923, isiyowahi kutumika. Hela ya upasuaji itatosha, na nauli itabaki. Nitarudi Jumatatu ya wiki ijayo na hela yote."

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, Beatha, bintiye marehemu aliyekuwa akimuuguza hapa nyumbani, aliitoa shilingi kwenye kitambaa akaona aibu. Mgeni atoke Moshi aje apewe kitu chenye weusi kama wa masizi? Ng'ombe wa mnadani huogeshwa. Akachukua majivu, ndimu na mchanga laini, akaisugua kama zinavyosuguliwa sufuria za sherehe. Ikang'aa. Alifurahi, tena sana.

Jumatatu Kassimu alirudi, akaitazama muda mrefu. "Shikamoo mama," alimwamkia Mama Honorata upya, kama mtu asiyejua aanzie wapi. Kisha akasema, "Weusi ule ndio uliokuwa unanunuliwa. Mmemchuna simba. Sasa hii ni shilingi tu, na yenyewe haitumiki." Hakuwa mtu mbaya, aliacha pakiti mbili za sukari, akaondoka.

Jioni hiyo Beatha alijaribu kuirudishia weusi kwa masizi ya chungu. Yaliishia kwenye vidole vyake.

Kaka yake, Rodrick, alipofika kutoka Tanga, aliuliza kwa hasira, "Nani kaisugua?" Beatha alikuwa mlangoni na sinia la chai. Kabla hajafungua mdomo, baba yake alijibu kutoka kitandani, "Mimi. Nilitaka kumwona simba vizuri kabla sijafa."

"Baba, ubishi wako huu utakuua!"

"Haya, mwanangu. Beatha, mimina chai."

Ndugu walichangishana, kanisa likachangia, lakini maradhi yalikwenda mbio kuliko michango. Yalifika kwenye figo. Mwezi Juni, akimgeuza kitandani, Beatha alisema, "Baba, ile shilingi..." Marehemu akamkatiza, "Nimeshasema ni mimi. Unataka watu wanione mwongo uzeeni?" Beatha alijaribu tena mara mbili, na mara zote mbili alikatizwa. Mzee Melkizedeki alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Julai 1995, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka 71.

Marehemu ameacha mjane, Mama Honorata. Ameacha pia watoto wanne, wakwe watatu na wajukuu kumi na mmoja. Mmoja wa watoto hao ni Beatha, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Kwa miezi minane watu wa Mbaga na Same wamesema mzee aliharibu dawa yake kwa ukaidi wake mwenyewe, na Beatha amewasikia akanyamaza. Leo hakuna wa kumkatiza. Aliyeisugua ni yeye. Baba yake alimnyima nafasi ya kumwomba radhi, naye anaiomba sasa, mbele yenu, kwa mtu asiyeweza kumjibu.

Bwana ampumzishe Mzee Melkizedeki kwa amani. Amina.