Ukurasa wa Mwisho wa Mzee Urbanus, Mshona Tasnifu wa Witeithie

Wapendwa jamaa, majirani na marafiki, mimi ni Ndanu, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Mama amenionya nisitie chumvi. Nitajaribu, ingawa Baba mwenyewe hakuwahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi kidogo, nanyi mliomfahamu mnajua.

Marehemu Urbanus Kimanzi Mutinda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Ngoliba, mashariki ya Thika, mtoto wa tatu wa Mzee Mutinda na Mama Ndanu, ambaye mimi nimerithi jina lake. Nyanya alikuwa akitusimulia kwamba huyu mtoto alitumwa maji mtoni asubuhi akarudi jua likiwa utosini, debe nusu, na swali mdomoni: maji haya jana yalikuwa wapi? Alichapwa kidogo, kesho yake akatumwa tena, akachelewa tena. Hakuna aliyemjibu.

Alianza shule ya msingi karibu na nyumbani mwaka wa 1965 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1971. Alijiunga na kidato cha kwanza Januari 1972. Mwezi wa Juni mwaka huo babake alifariki, naye akarudi nyumbani kumsaidia mamake shambani. Alikuwa akisema masomo yake yalisimama katikati ya sentensi, na hilo lilimuuma maisha yake yote.

Mwaka wa 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapishaji mjini Thika, upande wa kushona vitabu, akafanya kazi hapo miaka ishirini na mitatu. Mnamo Mei 1998 alifungua duka lake Witeithie, mahali ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu hawawezi kupita bila kuona jalada jeusi lenye herufi za dhahabu likining'inia mlangoni. Aliwashonea tasnifu zao kwa sindano na uzi uliopakwa nta. Mafundi wengine hushona na kusahau. Marehemu alisoma. Alishona kurasa kumi, akasoma mbili, akaegemea kiti na kufumba macho, na mteja akidhani mzee amesinzia, kumbe yuko ndani ya kitabu.

Jioni, tukiwa mezani, Mama alimuuliza, "Leo ulikuwa wapi, Baba Ndanu?" Naye hakusema Witeithie. "Leo nimeshinda ndani ya ini la samaki, la ngege," alisema siku moja, akipuliza chai. "Kuna minyoo midogo humo, inasafiri polepole." Siku nyingine alikuwa ametembea juu ya daraja ambalo halijajengwa, akisikia chuma chake kikitanuka kwa joto. Wakati mwingine alirudi akiimba chini kwa chini nyimbo za akina mama waliochuma kahawa zamani, maana Viola, binti wa idara ya fasihi, alikuwa amezikusanya nyimbo zote hizo. Sisi watoto tulilala tukiwa na samaki, madaraja na wachuma kahawa kichwani. Nilidhani kila nyumba huwa hivyo.

Alifunga ndoa na Emmah Ngendo tarehe 15 Desemba 1984 mjini Ruiru, kanisani kwa akina Mama. Walikutana kiwandani, Mama alipopeleka kitabu cha nyimbo cha kwaya kilichokuwa kimeachana kabisa. Kitabu kilishonwa mara nne, ingawa Mama anaapa kilihitaji mara moja tu. Wakati wa mahari mjomba wa Mama aliuliza mbele ya watu, "Na huyu Mkamba atakulisha nini, Ngendo? Makaratasi?" Baba akajibu, "Hata hayo, mzee, nitayashona kwanza." Mjomba alicheka hadi akamwaga uji. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi na ndugu yangu Eddie, na wazazi wetu wakajenga hapa Theta mwaka wa 1996.

Lazima niseme habari za kosa la mwaka wa 2011, kwa sababu wahusika wako hapa na wamenikataza. Kagwe alikuwa akisomea uhandisi na tasnifu yake ilihusu matofali ya udongo. Auma alikuwa mtu wa biolojia, naye aliandika kuhusu mchwa na vichuguu vyao. Walileta kazi siku moja, karatasi sawa, jalada sawa. Marehemu, akiwa katika ndoto zake, akashona sura ya nne ya Auma ndani ya tasnifu ya Kagwe, na ya Kagwe ndani ya tasnifu ya Auma. Kagwe alirudi kutoka mbele ya wasahihishaji akitoka jasho.

"Mzee, umenimaliza! Wananiuliza malkia wa mchwa anataga mayai mangapi, na mimi ni mtu wa matofali!"

Auma aliingia nyuma yake. "Mimi nimeulizwa simiti ni asilimia ngapi. Nimesema tu, Ngai, nisaidie."

Marehemu aliomba radhi, akafungua kila uzi na kuanza upya bila malipo. Wale wawili wakakaa kwenye benchi kungoja, kila mmoja akisoma sura ya mwenzake kwa hasira, hasira ikapoa. Kagwe akauliza kwa nini udongo wa kichuguu haupitishi mvua. Auma akamweleza. Saa moja baadaye walikuwa bado wanaongea, na hawajamaliza hadi leo, kwa maana walioana mwaka wa 2014 na wamefanya utafiti pamoja tangu hapo.

Baba alifikiria jambo hilo muda mrefu. Aliona kwamba kilichochanganyika kwa bahati mbaya kinaweza kuchanganywa kwa makusudi. Kila tasnifu, iwe ya mitambo, ya mashairi au ya mimea, humalizika kwa ukurasa ambapo mwandishi anakiri yale ambayo hakuweza kuyajua na kuwaachia watakaokuja. Mwaka ule ule wa 2011 marehemu alinunua daftari kubwa, akaandika kwanza maswali ya Kagwe na Auma, na tangu siku hiyo hakushona kitabu kabla ya kunakili swali la ukurasa wa mwisho na kulitia nambari. Mteja mpya alipoingia, alimtazama, akalamba kidole, akafunua daftari. "Wewe ni wa mambo ya maji? Kuna mtu wa historia alikuachia swali hapa, namba mia mbili na tatu." Wengine walimwona mzee ana kasoro. Wengine walirudi kumshukuru.

Sasa nifike kwangu, na hapa naomba mnivumilie. Mwaka wa 2016 nilianza shahada ya pili katika historia. Nilitaka kuandika kuhusu vijito vilivyokufa kati ya Thika na Ruiru, vile ambavyo akina cucu, nyanya zetu wa huku, wanavitaja kwa majina lakini ukienda unakuta ploti na ua wa mabati. Baba alifurahi mno. Mwaka wa 2018, kabla sijaandika hata nusu, alitengeneza jalada lenye jina langu na mwaka kwa herufi za dhahabu, akalitundika dukani. Mwaka wa 2019 nilikwama. Nilikuwa na majina matupu, sikuwa na njia ya kuonyesha kwamba maji yaliwahi kupita popote, na nikaacha. Sikumwambia. Kila nilipokuja aliniuliza, "Ukurasa wa mwisho umefika?" Nami nikamjibu, "Uko karibu, Baba." Nilimdanganya baba yangu miaka minne, nikikwepa kulitazama lile jalada.

Mnamo Februari 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa na pumzi. Madaktari walisema moyo wake umepanuka. Mama alisema haishangazi, umejaa maswali ya watu. Mikono ilianza kutetemeka na duka likafungwa. Jioni moja aliniita kitandani, akaniuliza swali lile lile, nami nikashindwa. Nilimweleza yote huku nikilia. Hakukasirika. Alisema, "Nilijua. Anayeandika huja kuuliza bei ya jalada." Kisha akaniambia nilete daftari.

Kwenye kurasa za mwaka wa 2011 kulikuwa na maswali mawili jirani. Auma aliuliza kama mimea ya kando ya maji huendelea kuota mahali mto umekufa. Kagwe aliuliza kama udongo unaweza kuonyesha ulikopita mto wa zamani. "Hao wawili wamekungoja humu miaka kumi na miwili," Baba akasema, "na wewe unalia na majina yako peke yako."

Tukaenda, Auma akitazama mimea, Kagwe akichimba, mimi na majina ya akina cucu. Mnayaona matete yale kule chini, nyuma ya hema? Ukiyafuata yanapita ploti tisa, na chini ya kila moja kuna udongo mweusi wa mtoni. Hapo ndipo kijito cha Wanjugu kilipopita. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, akitutazama tukitembea juu ya maji ya zamani. Aliniambia baadaye kwamba aliyasikia. Mama, hapo sijatia chumvi.

Nilitetea tasnifu yangu tarehe 27 Februari 2025. Jumamosi ya tarehe 8 Machi nilileta nyumbani kurasa zilizosahihishwa, na marehemu akataka lile jalada. Nilitunga uzi, yeye akatoboa, nikamshika mkono ulipotetemeka. Tulishona hadi alasiri. Kabla ya fundo la mwisho aliniambia nimsomee swali langu la mwisho, akaniagiza niliandike katika daftari: maji yaliyokuwa Wanjugu, leo yako wapi? Alicheka kimya kimya na kufumba macho.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili asubuhi, katika hospitali mjini Thika, Mama akiwa kando yake.

Nakala aliyoshona ina mwaka wa 2018 juu ya jalada, na maktaba ya chuo haiwezi kuipokea ikiwa na mwaka usio wake. Hilo ndilo kosa lake la mwisho, na tumelipenda. Nimeshona nyingine kwa ajili ya chuo kwa uzi wake. Ile ya kwanza tumemwekea jenezani, chini ya mikono.

Marehemu ameacha mjane, Emmah Ngendo. Watoto wawili, Ndanu na Eddie. Mkaza mwana, Mourine. Wajukuu Wayua na Idah. Dada yake, Kaveke. Na maswali mia sita arobaini na moja katika daftari litakalobaki dukani, wazi kwa yeyote.

Umefika, Baba. Ukurasa wa mwisho umefika, na sasa upumzike kwa amani.