Severin Lyimo, Mgeni wa Jengo la Mwaka 1913

Wapendwa wote mliofika hapa Arlington leo Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2019, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Severin Faustine Lyimo, na mjane wake, Dorothea, ameomba yasomwe yote, pamoja na yale ambayo baadhi yetu tulishauri yaachwe.

Severin alizaliwa tarehe 3 Mei 1959 huko Kibosho, Moshi, mtoto wa pili wa marehemu mzee Faustine na mama Apolonia, aliyemlea kwa kumkazia kwamba mlango hauingiwi bila hodi, hata uwe wa banda la mbuzi, na kwamba mgeni aliyekaribishwa haondoki bila kuaga. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza sekondari mjini Moshi, kisha akaenda Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, alikohitimu uchoraji wa majengo mwaka 1983.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Dorothea, wakajaliwa Clara na Humphrey, na mwaka 1996 familia ilihamia Texas, ambako Severin aliajiriwa na ofisi moja ya Irving inayopima na kuchora upya majengo ya zamani kabla hayajakarabatiwa. Huko ndiko alikopendana na mwaka 1913, mwaka ambao jengo refu kuliko yote duniani lilimalizika New York, na wajenzi wa miji mingine, kwa wivu, wakawa wanainua mifupa ya chuma na kuivika vigae vya udongo wa kuchoma, kama watu wanaoona haya kuonekana walivyo. Tarehe ya ndoa yake ilibidi akumbushwe, lakini 1913 hakuisahau hata siku moja, na ninyi mliowahi kumwalika chakula mnajua tunachosema.

Kila jengo alilotumwa kupima, hata liwe limehamwa miaka mingi, aliingia kwa hodi, wenzake wakimcheka, naye akicheka nao. Tarehe 12 Septemba 2018 alikwenda Houston pamoja na msaidizi wake, Nderitu, ambaye yuko nasi hapa, kupima jengo la ghorofa sita la mwaka huohuo wa 1913, lililofungwa tangu mafuriko ya Agosti 2017. Ghorofa ya nne, mchana kweupe, Severin alibisha hodi kwenye mlango wa chumba kitupu, na kutoka ndani akajibiwa, kwa Kiswahili safi, karibu.

Nderitu anasema hata yeye aliisikia sauti ile, ya upole, ya mtu aliyekwisha kuandaa chai, na kwamba alimwambia, "Mzee, wacha tutoke, hii kazi tuta-finish siku ingine," lakini Severin, ambaye hakujua kumkatalia mwenyeji, alishukuru akaingia. Punde simu zao zikalia kwa pamoja kutangaza mvua ya mafuriko, wakashuka ngazi mbio, na Severin alikuwa amefika kwenye gari alipokumbuka kwamba hakuaga.

Tangu siku hiyo Dorothea alimwona mumewe akibisha hodi kwake mwenyewe, kisha akiingia kabla mtu hajamjibu, kwa kuwa, alivyosema, amekwisha kukaribishwa. Kwenye mchoro wa ghorofa ile ya nne alichora viti viwili, na alipoambiwa avifute kwa sababu chumba ni kitupu, alijibu kwamba kimoja ndicho alichokalia. Alimwambia Dorothea kwamba miaka yote hiyo amebisha hodi katika majengo ya mwaka ule, na hatimaye mojawapo limejifunza kujibu. Dorothea aliogopa, tena aliogopa sana, akamsihi arudi Houston akaage, naye akaenda mara mbili, lakini wenye jengo walikwisha kuliuza, wamiliki wapya hawakufungua, na kuaga ukiwa nje ya uzio Severin hakukuhesabu kuwa ni kuaga.

Mwezi Machi 2019 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi Oktoba. Siku ya mwisho, saa sita mchana, aliutazama mlango wa wodi usio na mtu, akasema kwa adabu, "Ahsante, nimekaa." Dorothea alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Baba Clara, inuka uage, twende nyumbani," akarudia hivyo mpaka wauguzi wakaja, naye akafariki dunia tarehe 9 Novemba 2019.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa hapa Arlington mliotupikia wiki nzima, wafanyakazi wenzake wa Irving, na Nderitu, aliyekubali kusimama nasi na kusema alichosikia.

Wa mwisho kushukuriwa ni mwenyeji wa ghorofa ya nne, tusiyemjua. Dorothea ameomba milango ya ukumbi ifunguliwe na sote tusimame. Mwenyeji, ahsante kwa kumkaribisha mume wa Dorothea na kumpa kiti, aliondoka kwa haraka ya mvua na si kwa dharau, leo watu wake wote tunaaga kwa niaba yake, tunakuomba umruhusu.

Severin, pumzika kwa amani, uwe kwako. Nanyi waombolezaji, tubaki tumesimama kimya kidogo, maana anayeaga husubiri jibu.